Mita ya volti ndani ya gari: dalili, chanzo na pa kuanzia kupima

Mita ndogo inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara haipimi betri. Inapima umeme uliofika kwenye tundu, baada ya kupita fyuzi, swichi ya funguo, soketi kadhaa na mita mbili tatu za waya mwembamba. Njiani hupotea kati ya volti 0.1 na 0.4, na kwenye gari lililoguswa na mafundi wengi hupotea zaidi. Asiyejua hilo hununua betri mpya ilhali ya zamani ni nzima, au hufunguliwa altaneta (mashine ya kuchaji betri) isiyo na kosa. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kushika dalili yoyote, ni kujua gari lako linakula kiasi gani njiani.

Tafuta tofauti ya gari lako

Tumia multimita yoyote, hata ile ya njano ya bei ndogo, ukiiweka kwenye volti 20 za DC. Washa injini, zima AC, taa na redio, uiache iungurume dakika 2. Gusa risasi ya vichwa vya betri vyenyewe; usiguse vibano, kwa sababu ubovu hupenda kukaa baina ya hivyo viwili. Mtu mwingine asome mita ya ndani wakati huo huo. Ikiwa betri inatoa 14.2 na ndani ni 13.9, gari lako linakula 0.3. Iandike mahali.

Rudia kipimo hicho taa kubwa na feni ya AC zikiwa juu kabisa. Tofauti ikibaki 0.3, mita yako imepata umeme mahali pazuri. Ikiruka hadi 0.7, mita inachangia waya na mzigo mzito, au kuna kiungio kibovu njiani, na kila namba utakayoisoma itabadilika kwa kuwasha feni tu. Chaja ya simu iliyo pacha na mita kwenye kichomeko kimoja hufanya vivyo hivyo: simu inayochaji kwa kasi huvuta karibu ampea 1.5 hadi 2 kupitia waya uleule, na namba hushuka kidogo bila betri kuwa na habari.

Kisha hakikisha mita yenyewe inasema kweli. Weka multimita ndani ya tundu, ncha nyekundu kwenye kitovu cha katikati na nyeusi ubavuni. Ncha nyekundu isiguse ubavu, la sivyo fyuzi itakatika hapo hapo. Namba mbili zikipishana, kosa ni la mita. Baadhi ya mita za kufunga kwenye dashibodi zina skrubu ndogo mgongoni ya kurekebisha. Izungushe taratibu kwa bisibisi nyembamba. Za kuchomeka kwenye kiberiti kwa kawaida hazina, hivyo unajumlisha kichwani.

Namba za kukariri

Hizi ni za betri ya kawaida ya risasi na asidi, ya volti 12, iliyopumzika saa kadhaa kwenye joto la karibu nyuzi 25:

- 12.6 hadi 12.7: imejaa
- 12.4: imebaki robo tatu hivi
- 12.2: nusu
- 12.0: robo
- 11.8 kushuka chini: tupu

Betri ya AGM (iliyofungwa, isiyoongezwa maji) iliyojaa husoma juu zaidi, 12.8 hadi 12.9. Injini ikiunguruma, altaneta ya mtindo wa zamani hutoa kati ya 13.8 na 14.5. Altaneta iliyopata moto hupunguza volti yenyewe ili isiichemshe betri, kwa hiyo 13.7 mchana wa Dar es Salaam au Mombasa kwenye boneti lililowaka moto si ugonjwa, na 14.5 alfajiri ya Iringa au Limuru si ugonjwa pia.

Mwenye mita mpya hukosea sana kwa kusoma betri dakika tano baada ya kuzima gari. Wakati huo sahani za betri zimebeba chaji ya juujuu, na hata betri iliyochoka itaonyesha 12.9. Subiri hadi asubuhi. Kama una haraka, washa taa kubwa dakika 2 bila injini, zizime, ngoja dakika 5, ndipo usome. Kosa la pili ni kusoma funguo zikiwa ON: pampu ya mafuta, feni na redio zinavuta ampea kadhaa, na betri ya 12.6 itajionyesha kuwa ya 12.3. Kwa kipimo cha asubuhi funguo ziishie ACC (hatua ya kabla ya ON, inayolisha redio na tundu la kiberiti), redio izimwe, milango ifungwe.

Mita haiwaki kabisa

Angalia fyuzi iliyoandikwa CIG. Kwenye Toyota nyingi ni ya ampea 15. Kama ni nzima, chungulia ndani ya tundu kwa tochi: sarafu, karatasi ya sigara na mchanga huwa humo. Kama umefunga mita ya nyaya mbili kwenye dashibodi nayo ikakaa kimya, huenda umegeuza nyekundu na nyeusi.

Fyuzi ikikatika tena baada ya kubadilishwa, chomoa kila kitu kwenye tundu uweke nyingine ya ampea zilezile. Chaja za simu za bei ya chini ndizo washukiwa wa kwanza. Usiweke ya ampea 30 ili "ivumilie". Itavumilia, na waya ulio nyuma ya dashibodi ndio utakaoungua badala yake.

Inazima unapopiga stata, kisha inarudi

Hakuna ubovu. Funguo zikifika START, gari hukata umeme wa ACC ili nguvu yote iende kwenye stata, na tundu la kiberiti liko upande wa ACC. Maana yake mita ya kiberiti haiwezi kukuonyesha namba muhimu kuliko zote, yaani betri inashuka hadi wapi inapobeba stata.

Ukitaka kuiona, chukua umeme mahali pasipokatwa. Njia safi ni waya wa peke yake kutoka kwenye kichwa chanya cha betri, wenye fyuzi ya ampea 1 isiyozidi sentimeta 20 kutoka betrini, ukipita kwenye mpira wa ukuta wa injini hadi ndani, ukakatiwa swichi ndogo. Waya haulazimiki kuwa mnene, kwani mita inakula miliampea chache tu. Kinachotakiwa ni kwamba usichangie mzigo na kitu kingine. Hasi ifunge kwenye bolti ya bodi iliyokwanguliwa rangi. Njia rahisi zaidi ni kichomeko cha kuchota umeme kwenye kisanduku cha fyuzi, upande wa IG (unaopata umeme funguo zikiwa ON). Kabla ya kufunga, jaribu kwa multimita mtu akipiga stata: tundu la fyuzi ulilochagua lisife. Gari kutoka Japani lenye kile kidude cha ETC cha kulipia barabara, kisicho na kazi huku kwetu, mara nyingi lina waya wa umeme na wa ethi (hasi ya bodi) tayari karibu na dashibodi, ila mwingi huwa wa ACC, kwa hiyo upime kwanza.

Mita nyingi za nyaya mbili hujilisha kwa umeme uleule zinaoupima, na zikishuka chini ya volti 4 hivi hupotea. Ya nyaya tatu, yenye waya wa kujilisha na waya wa kupima mbalimbali, inafaa zaidi kama utalisha mita kwa IG na kupima betri moja kwa moja.

Asubuhi inasoma 12.1

Jumlisha kwanza tofauti ya gari lako. Ikiwa bado ni chini ya 12.4, kuna njia tatu tu: betri haikujazwa jana, imenyonywa usiku, au haishiki tena. Kuzitenganisha kunataka usiku mmoja. Ijaze betri kwa chaja ya mezani hadi itulie, chomoa kibano cha hasi, uiache mpaka asubuhi. Ikiwa imeshuka hadi 12.2 hali hakuna waya ulioigusa, tatizo ni la betri na mjadala umeisha. Ikiwa imebaki 12.6, irudishe garini ulale nayo usiku wa pili. Ikishuka sasa, gari ndilo linaloinyonya. Isiposhuka, basi gari halisafiri vya kutosha. Safari ya kilomita tatu kwenda sokoni na kurudi, AC na taa zikiwaka, hairudishi hata kilichotumiwa na stata pamoja na mizigo hiyo.

Kumtafuta mnyonyaji, weka multimita kwenye ampea 10 baina ya kichwa cha hasi na kibano chake, milango ikiwa imefungwa au kufuli ya mlango imesukumwa kwa bisibisi ili gari lidhani umefunga. Usiguse funguo wakati huo, maana fyuzi ya multimita itakufa. Ngoja nusu saa kompyuta za gari zilale. Kati ya miliampea 20 na 50 ni kawaida. Zikibaki 300, hesabu ni hii: 0.3 mara saa 24 ni Ah (ampea-saa) 7.2 kwa siku. Betri ya NS40 ya Vitz ina Ah 35 hivi, kwa hiyo nusu yake imekwisha ndani ya siku mbili na nusu, na gari ulilolipaki Ijumaa huenda lisiwake Jumatatu.

Chomoa fyuzi moja moja uone ipi inaishusha namba. Katika magari ya kwetu, anza na yale yaliyoongezwa baadaye. Redio ya Android ndiyo kinara: waya wa njano ni wa umeme wa kudumu wa kumbukumbu, mwekundu ni wa ACC, na fundi mwenye haraka huviunganisha pamoja ili redio iwake. Inawaka kweli, usiku kucha. Halafu kuna alamu iliyofungwa kwa viraka, kifaa cha kufuatilia gari, taa ya buti isiyozima. Ukichomoa fyuzi zote na bado miliampea hazishuki, fungua waya mnene wa B+ wa altaneta, unaopeleka chaji kwenye betri (kibano cha hasi kikiwa kimechomolewa) uufunike kwa tepu, kisha pima upya. Diodi (kipitishio cha umeme cha upande mmoja) inayovuja ndani ya altaneta hunyonya betri bila kupita kwenye kisanduku cha fyuzi cha ndani.

Kwenye betri ya maji, kama vyumba vimepungua, ongeza maji ya betri yaliyotoneshwa (distilled). Duka moja huuza maji hayo na asidi kwenye chupa zinazofanana, basi soma lebo. Asidi ya ziada hupandisha volti siku mbili tatu na kuila betri kwa miezi inayofuata.

12.6 inaonekana, lakini stata inagonga "ka!" na kunyamaza

Volti ya betri iliyopumzika haisemi ina nguvu gani. Betri ambayo sahani zake zimechakaa hushika 12.6 vizuri tu, kisha inaanguka ikiguswa na stata inayodai zaidi ya ampea 100. Hapa pima kwenye vichwa vya betri mtu akishika funguo START sekunde tatu nne, na matokeo yatakugawia njia.

Ikianguka chini ya 9.6, betri imechoka au haijajaa. Ijaze upime tena kabla ya kuihukumu. Ikiwa hata ikipumzika inasoma karibu na 10.5, chumba kimoja kimekufa: vyumba sita vya volti 2.1 vimebaki vitano. Hiyo haifufuki, na kuibusti ni kuahirisha tu.

Ikibaki 12.4 kama vile hakuna lililotokea, umeme haujaombwa. Tatizo ni swichi ya stata, rilei, au gia ya otomatiki haijakaa vizuri kwenye P. Lakini kama kwenye vichwa ni 12.4 na ndani taa za dashibodi zimekufa wakati huohuo, ubovu uko baina ya kichwa na kibano: ule unga mweupe au wa kijani. Mwagia maji ya moto, sugua kichwa na sehemu ya ndani ya kibano kwa brashi ya waya mpaka risasi ing'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Kupaka grisi kabla ya kusugua hakusaidii.

Ikibaki 11 na stata inazunguka kwa uvivu, nguvu inapotea kwenye nyaya nene. Weka multimita kutoka kichwa cha hasi hadi chuma cha injini wakati wa kupiga stata: isizidi 0.2 au 0.3. Kutoka kichwa chanya hadi bolti nene ya stata: isizidi 0.5. Waya wa ethi wa injini ndio unaosahauliwa mara nyingi baada ya kushusha injini au gia boksi.

Injini inaunguruma, mita inasoma 12.3 na inazidi kushuka

Altaneta haichaji. Kama ni usiku barabarani, zima AC, feni na redio, usizime injini, ufuate njia fupi ya kufika kwa fundi umeme. Betri nzima ya Ah 45 itaipa injini ya petroli saa moja au zaidi mchana. Ukiwa na taa kubwa na feni ya radieta, muda huo hupungua kwa nusu au zaidi. Kompyuta ya injini huanza kukosea volti zikishuka kati ya 10 na 11, na gari hukatikakatika kabla ya kuzima.

Ukifika penye mwanga, fuata mpangilio huu.

Feni belti kwanza. Imekatika, imelegea, ina mafuta? Belti inayopiga kelele unapowasha taa inateleza.

Taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi pili. Funguo zikiwa ON kabla ya kuwasha injini, taa hiyo lazima iwake. Isipowaka, usikimbilie altaneta: angalia fyuzi iliyoandikwa GAUGE kwenye Toyota za miaka ya nyuma, balbu yenyewe, na waya wa L (unaotoka kwenye taa hiyo hadi altaneta). Kwenye altaneta nyingi za zamani waya huo ndio unaoiamsha. Soketi ya mgongoni mwa altaneta ya Toyota kwa kawaida ina pini za IG, S na L. Ivute kidogo uone kama haikulegea au haina kutu.

Tatu, pima B+ ya altaneta injini ikiwaka. Ni bolti yenye kofia ya mpira, ina umeme muda wote, na spana ikigusa hapo na bodi kwa pamoja utaona cheche kubwa. B+ ikitoa 14.5 au zaidi na betri ikibaki 12.3, altaneta inafanya kazi na njia imekatika: fyuzi kuu ya ALT, ya ampea 100 au 120 kwenye gari nyingi ndogo, ambayo hufa betri ikibustiwa kinyume. B+ ikiwa sawa na betri, 12.3, basi ni kaboni brashi zilizokwisha, regyuleta (kidhibiti cha volti), au umeme wa kuiamsha haufiki. Kwenye altaneta za zamani, funguo zikiwa ON, sogeza ncha ya bisibisi kwenye bearingi ya nyuma: ikivutwa kwa sumaku, rota (sehemu inayozunguka) inapata umeme. Za kisasa huamka baada ya kuzunguka tu, kwa hiyo bisibisi isipovutwa usihitimishe.

Kuna fundi atakayechomoa kibano cha betri injini ikiwaka ili "aone kama altaneta inabeba". Mkataze. Betri ndiyo inayomeza misukosuko ya volti, na ikitoka ghafla volti zinaweza kuruka juu kiasi cha kuua diodi za altaneta na kompyuta ya injini. Multimita inajibu swali lilelile bila kuua kitu.

Barabarani 14.1, kwenye foleni 12.6

Gari likisimama, altaneta inazunguka taratibu, na AC, feni mbili za radieta, taa na redio vinaweza kudai zaidi ya inavyotoa. Kushuka hadi 13.2 kwenye foleni ya Mombasa Road au Mandela hakutishi. Ikishuka chini ya 12.8 na kubaki, kuna jambo. Angalia kwanza kama injini haijashuka mno kwa uchafu wa throtoli, kisha belti, kisha diodi. Altaneta yenye diodi moja iliyokufa hutoa nguvu pungufu na umeme wenye mawimbi. Pima kwa volti za AC (za umeme wa mawimbi, si kiyoyozi) kwenye vichwa vya betri, injini ikiwaka na taa kubwa zikiwa zimewashwa: chini ya 0.1 ni vizuri, juu ya 0.5 ni diodi. Multimita ya njano ya DT830 haifai kwa kipimo hiki. Upande wake wa AC hauzuii DC, na inaweza kukuonyesha volti 28 za uongo.

15 na kuendelea

Hii haina kesho. Juu ya 15.0 kwa dakika kadhaa, baada ya kuongeza tofauti ya gari lako, betri inachemka. Dalili nyingine hufuata: harufu ya yai bovu, jasho juu ya betri, balbu zinazokufa kwa jozi. Washa taa kubwa na feni ili kupunguza shinikizo, endesha bila kupiga resi, uzime karibu zaidi unapoweza. Ukisikia ile harufu, usilete njiti wala cheche kwenye boneti. Betri inayochemka inatoa hidrojeni.

Mara nyingi ni regyuleta iliyo ndani ya altaneta.  Lakini angalia kwanza fyuzi ya ALT-S, ya ampea 7.5 kwenye Toyota nyingi: waya wa S ndio jicho la regyuleta kwenye betri, na jicho likififia kwa kutu regyuleta hudhani betri ina njaa na kuilisha kupita kiasi.

Namba inarukaruka

Ikiyumba 0.1 au 0.2 kwa mdundo wa taa za kona au waipa, ni kawaida. Ikiruka gari linapopita kwenye tuta, kuna kitu kimelegea: anza na kichomeko chenyewe kwenye tundu, halafu vibano vya betri. Kibano kinachozunguka kwa mkono kimelegea. Kwenye vichwa vyembamba vya betri za Kijapani fundi mara nyingi huwa amejaza kipande cha bati, ambacho hupata kutu. Ikiruka kati ya 12 na 14 bila matuta, na taa zinameta kwa pamoja, kaboni brashi za altaneta zinakaribia mwisho.

Inapanda 14.4, inashuka 12.8, na taa ya betri haiwaki

Kabla ya kutumia shilingi, jua gari lako. Honda Fit na ndugu zake wana mfumo unaoshusha chaji hadi 12.5 au 12.9 mzigo ukiwa mdogo, ili kuokoa mafuta. Toyota, Nissan na Mazda za karibuni hufanya mfano wa hilo: ukikanyaga mafuta volti zinashuka, ukiachia kushuka mlima zinapanda. Jaribio ni fupi: washa taa kubwa na hita ya kioo cha nyuma. Ikipanda hadi karibu 14 ndani ya sekunde chache, mfumo ni mzima.

Magari haya yana kihisi kidogo cha ampea kwenye kibano cha hasi. Ukifunga redio, amplifaya au mita, hasi yake ipeleke kwenye bodi, sio kwenye kichwa cha betri, la sivyo kihisi hakitaona umeme unaotumika na hesabu ya chaji itapotoka.

Prius na Aqua hazina altaneta kabisa. Betri yake ndogo ya volti 12 inachajiwa na kigeuzi kutoka betri kubwa, na hilo hutokea gari likiwa READY (tayari kuendeshwa) tu. Kukaa ACC ukisikiliza mpira saa nzima ni kuimaliza. READY, tegemea karibu 14. Ikibaki 12.5, usiruhusu mtu kufungua kilicho chini ya boneti akitafuta altaneta. Nyaya za rangi ya chungwa ni za volti za kuua.

Simu inasema namba nyingine

Kifaa cha ELM327, kinachopeleka taarifa za gari kwenye simu kutoka soketi ya OBD2 (ya kusomea kompyuta ya gari), huleta namba mbili tofauti, na programu ya simu haisemi daima ni ipi. Moja kifaa kinaipima chenyewe kwenye pini ya 16, yenye umeme wa kudumu. ELM327 za kuiga hukosea hapa hata kwa 0.3 au zaidi. Programu yenye dirisha la amri itakubali AT RV ili kuisoma, na AT CV ikifuatwa na tarakimu nne za volti halisi, mfano 1420 kwa 14.20, ili kuirekebisha. Namba ya pili inatoka kwa kompyuta ya injini yenyewe, na gari za Kijapani za miaka ya nyuma nyingi haziitoi. Kwa kipimo cha asubuhi, iamini ya kwanza ukishairekebisha.

Fuso na Canter za volti 24

Maradufu namba zote. Mita ya dashibodi inaonyesha jumla ya betri mbili, na jumla inaficha: 12.9 na 11.9 huwa 24.8, namba nzuri kabisa juu ya betri moja inayokufa. Pima kila betri peke yake. Zikipishana kwa zaidi ya 0.2, tafuta nani amechota volti 12 kwenye betri moja kulisha redio au chaja. Ondoa waya huo uweke kibadilishi cha 24 kwenda 12, zijaze betri kila moja peke yake, kisha zirudishe.

Mita yenyewe kama mnyonyaji

Mita ya LED inakula miliampea 10 hadi 25. Ikiwa kwenye umeme wa kudumu kwa miliampea 20, ni karibu Ah 0.5 kwa siku, Ah 14 kwa mwezi. Gari linalotembea kila siku halitahisi. Gari linaloachwa wiki tatu mwenye nalo akiwa safarini litahisi, hasa ELM327 ikiwa imesahaulika kwenye soketi yake. Hiyo nayo haizimi funguo zikitolewa. Chomoa vyote viwili, au afadhali chomoa kibano cha hasi kwa spana namba 10 kabla ya kuondoka, ukiwa na msimbo wa redio kama gari lako linaudai.